Kozi ya kompyuta mtandaoni kwa wanafunzi wa chuo: anza na kile wanacholipia steshenari

Saa tano usiku, siku ya mwisho ya kukusanya kazi, mwanafunzi alinipigia simu analia. Kazi ameituma mara tatu, na mara zote tatu nimemjibu kwamba faili halifunguki. Nikalitazama tena. Lilikuwa na KB 1. Kurasa kumi na mbili haziwezi kuwa na KB 1. Alichotuma ni njia ya mkato, ile ikoni yenye kamshale kadogo pembeni, ambayo haina kazi ndani yake; inaonyesha tu kazi ilipo. Kazi yenyewe ilibaki kwenye kompyuta ya steshenari, lile duka la kuchapa na kuskani, na steshenari ilikuwa imefungwa. Somo la kompyuta la muhula uliotangulia alikuwa amepata A.

Ile A ndiyo iliyoninyima usingizi. Tulimfundisha Charles Babbage, aina za printa, tofauti ya RAM na ROM, na mtihani aliujibu vizuri. Hakuna mahali tulipomfundisha faili lake liko wapi.

Tangu hapo, kila ninapoandaa kozi ya kompyuta ya mtandaoni ninajiuliza jambo moja: baada ya wiki nane, mwanafunzi huyu ataweza kushughulikia mambo yake mwenyewe bila kumkabidhi mtu nywila yake? Mwongozo huu ni wa mkufunzi mwenzangu wa chuo cha kati au chuo kikuu hapa Tanzania aliyeambiwa aandae kozi kama hiyo, pengine bila bajeti na bila msaidizi.

Hatua ya 1: Kaa steshenari mchana mmoja

Usianze na silabasi ya zamani. Nenda steshenari iliyo karibu na geti la chuo wiki ya usajili, muombe mwenye duka ruhusa, kaa pembeni na daftari. Andika kila huduma ambayo mwanafunzi anailipia. Usiandike jina la mtu wala usichungulie skrini ya mtu. Andika kazi tu.

Orodha yangu ya mwisho ilikuwa hivi: kufunguliwa barua pepe, kujaziwa fomu ya Bodi ya Mikopo, kuhakikiwa cheti cha kuzaliwa kwenye mfumo wa RITA (wakala wa usajili wa vizazi na vifo), kuskani vyeti, kupunguza ukubwa wa PDF iliyokataliwa na mfumo, kutolewa namba ya malipo ya ada, kuchapiwa kazi ya kikundi, kuwekewa namba za kurasa, kutengenezewa sivii, kusafishiwa flashi yenye kirusi. Mara nyingi anayefunguliwa barua pepe hachagui nywila mwenyewe. Anachaguliwa, inaandikwa kwenye kipande cha karatasi, na karatasi inapotea kabla ya Krismasi. Mwaka wa pili akitaka kuingia kwenye akaunti yake ya mkopo, ujumbe wa kurejesha nywila unakwenda kwenye barua pepe ambayo naye hawezi kuifungua.

Hiyo orodha ndiyo silabasi yako. Sasa ilinganishe na mfumo unaotambulika ili uone mapengo. Mimi hutumia DigComp, mfumo wa stadi za kidijitali wa Kamisheni ya Ulaya, toleo la 2.2 la mwaka 2022, kwa sababu una maeneo 5 tu: taarifa na data, mawasiliano na ushirikiano, uundaji wa maudhui, usalama, na utatuzi wa matatizo. Chini yake zipo stadi 21. Si lazima uzifundishe zote. Utakachokiona mara moja ni kwamba steshenari haijakuonyesha mambo mawili, usalama wa akaunti na kupima ukweli wa taarifa, kwa kuwa hakuna anayekwenda dukani kulipia vitu hivyo. Hivyo utaviongeza wewe.

Hatua ya 2: Pima kwa vitendo, na kwa karatasi

Dodoso la mtandaoni la kuuliza nani hajui kutumia mtandao litajibiwa na wanaojua. Lichapishe. Uliza simu yake ni ya aina gani, imebakiwa na nafasi kiasi gani, bando hununua la siku au la wiki, mtandao unashika wapi anapoishi, na kompyuta anaipata lini na wapi. Basi.

Kisha wape dakika 15 maabara na kazi sita: washa kompyuta, andika sentensi mbili, zihifadhi kwa jina lako, funga programu, litafute faili ulilohifadhi, litume kwa barua pepe. Zunguka huku na huku, usisaidie, andika kila mmoja alipokwama. Wengi huandika vizuri na kuhifadhi vizuri, wakakwama kwenye kulitafuta. Hawa ni vijana waliokulia kwenye simu, na simu huficha faili. Picha zinajitokeza zenyewe kwenye picha, muziki kwenye muziki. Hawajawahi kuhitaji kujua kitu kimekaa wapi.

Wanaomaliza zote sita wasamehe wiki mbili za mwanzo, uwafanye wasaidizi wa wenzao. Kumlazimisha anayejua akae na somo la kuwasha kompyuta ni kumfukuza kwenye kozi.

Hatua ya 3: Andika malengo kwa vitenzi vinavyoonekana

"Mwanafunzi ataelewa umuhimu wa TEHAMA" halipimiki. "Mwanafunzi atatuma PDF isiyozidi MB 1 kutoka kwenye picha nne za vyeti vyake" linapimika, na ana haja nalo. Lengo lolote ambalo huwezi kulitazama likifanyika kwa macho yako, lifute.

Ratiba ninayoitumia ni ya wiki nane, saa tatu kwa wiki. Ya kwanza ni akaunti na nywila. Ya pili ni faili na folda. Ya tatu na ya nne ni kuandika kazi ya chuo, kuanzia kichwa cha habari hadi yaliyomo yanayojitengeneza yenyewe. Ya tano ni jedwali la hesabu. Ya sita ni kutafuta taarifa na kuzipima, ikiwamo kuhoji majibu ya programu za akili mnemba. Ya saba ni usalama. Ya nane ni kazi ya mwisho.

Wiki ya pili usiibane. Ukiona muda hautoshi, punguza kwingine kokote. Mwambie mwanafunzi atengeneze folda ya mwaka, ndani yake folda ya kila somo. Ajifunze kulipa faili jina linalojieleza, kwa mfano 2025-11-14_Saikolojia_Kazi1, badala ya "Document1 mpya ya mwisho kabisa". Ajue maana ya herufi za mwisho wa jina: .docx inahaririwa, .pdf inasomwa, .jpg ni picha. Aangalie uzito wa faili kabla ya kulituma, kila mara, mpaka iwe desturi kama ya kuhesabu chenji. Nami siku hizi ninalo zoezi maalumu: nawapa folda yenye vitu vitatu vinavyofanana jina, kimoja faili halisi, kimoja nakala, kimoja njia ya mkato, wanitumie kilicho sahihi. Kwenye kundi la kwanza nilipokea njia za mkato nyingi kuliko nilivyotegemea, na hakuna aliyelia, maana haikuwa usiku wa mwisho wa kukusanya.

Hatua ya 4: Kokotoa bando kabla ya kurekodi chochote

Hapa ndipo kozi nyingi za mtandaoni zinapokufa. Mkufunzi anarekodi video ya saa nzima ofisini kwenye mtandao wa chuo, anaipandisha, anaridhika. Mwanafunzi anaitazama kwa bando la siku na linakata kabla hajafika katikati.

Hesabu ni nyepesi. Sauti ya kilobiti 32 kwa sekunde, ambayo kwa mtu anayezungumza inasikika safi, inakula KB 240 kwa dakika. Dakika tano ni MB 1.2. Video ya kilobiti 500 kwa sekunde kwa dakika hizo hizo tano inakaribia MB 19. Picha iliyopigwa kwa simu inaweza kuwa na MB 4, nawe ukiipunguza ikabaki KB 200 mwanafunzi hataona tofauti.

Jiwekee ukomo na usiuvunje. Wangu ni MB 50 kwa wiki, sawa na MB 400 kwa kozi nzima. Kwa ukomo huo utajikuta umechagua vizuri: picha za skrini zenye mishale na maelezo mafupi kwa hatua za kawaida, sauti kwa ufafanuzi, na video moja au mbili fupi kwa vitu vinavyohitaji kuonekana vikitembea, kama kuburuta safu ya jedwali. Andika uzito wa kila somo kando ya jina lake, ili anayenunua bando la usiku ajue apakue nini. Na maelezo yawe maandishi kweli, yasiwe picha ya maandishi. Mwanafunzi asiyeona anategemea programu ya simu inayosoma kwa sauti, na mara nyingi programu hiyo hufika kwenye picha ikanyamaza.

Hatua ya 5: Mlango mmoja

Kama chuo chako tayari kina Moodle, tumia hiyo hiyo. Ni programu huria ya kuendeshea masomo mtandaoni, toleo lake la kwanza lilitoka 2002 kwa mikono ya Martin Dougiamas wa Australia, na app yake ya simu inamruhusu mwanafunzi kupakua somo akiwa na mtandao, akalisoma baadaye akiwa hana. Wafundishe kufanya hivyo siku ya kwanza kabisa, kabla ya kitu kingine, mkiwa ukumbini. Chuo ambacho intaneti inakatika kila mara kinaweza kuweka Moodle kwenye kompyuta ndogo ya Raspberry Pi ndani ya maabara. Kuna mfumo uliokwisha kuandaliwa, MoodleBox, na wanafunzi huunganishwa nao kwa Wi-Fi bila bando lolote.

Chuo kisicho na chochote kianze na kundi la WhatsApp na fomu za Google, ila kwa masharti. Masomo yasikae kwenye mazungumzo ya kundi. Baada ya siku mbili somo lako litakuwa limefukiwa na "asante Mwalimu" mia moja na tangazo la msiba. Weka masomo kwenye folda moja ya mtandaoni, kiungo chake kikae juu kwenye maelezo ya kundi, na kundi libaki la matangazo na maswali.

Usitumie majukwaa matatu kwa mpigo. Mwanafunzi mgeni akiambiwa somo liko huku, jaribio liko kule na mjadala uko kwingine, ataacha yote.

Hatua ya 6: Tengeneza somo moja, vizuri

Lugha kwanza. Vyuoni tunafundisha kwa Kiingereza na skrini nyingi watakazozikuta ni za Kiingereza. Msimamo wangu ni kueleza kwa Kiswahili na kuyaacha maneno ya skrini yalivyo, ndani ya alama za kunukuu: bofya "Insert", kisha "Page Number". Maneno ya Kiswahili yapo ya kutosha. Mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitafsiri OpenOffice, programu huria ya kuandikia na kufanyia hesabu, katikati ya miaka ya 2000, ikaitwa Jambo OpenOffice. Tatizo letu ni kuyachanganya. Ukisema kipanya leo, kesho usiseme puku. Ukianza na nywila, usihamie kwenye neno la siri katikati ya somo. Tengeneza orodha ya maneno 40 na ushikamane nayo.

Fundisha wazo kuliko programu. Darasani mwako kuna mwenye Word, mwenye LibreOffice, mwenye WPS ya simu na mwenye kishikwambi cha kuazima kwa dada yake mwalimu. Mchele mmoja, mapishi mbalimbali. Kichwa cha habari ni kichwa cha habari kote. Kinachobadilika ni mahali kitufe kilipo.

Nionyeshe somo la jedwali ninavyolijenga. Halianzi na maana ya jedwali. Linaanza na boom, ile fedha ya kujikimu ya mkopo wa mwanafunzi.

Boom imeingia leo, shilingi fulani, na inatakiwa imfikishe hadi awamu ijayo. Safu A aandike matumizi: kodi ya chumba, chakula, nauli, bando, fotokopi, ya kutuma nyumbani. Safu B aandike kiasi, kuanzia B2 mpaka B7. Kwenye B8 aandike =SUM(B2:B7). Abonyeze.

Kwa nusu ya darasa jibu litakuwa 0, au pungufu. Hapo ndipo somo lilipo, usikimbilie kuwaokoa. Wameandika 15,000/= kama tunavyoandika kwenye risiti na mabango ya bei tangu utotoni. Kompyuta ikiona ile /= inachukulia kwamba hayo ni maneno, na maneno hayajumlishwi. Waambie watazame: kiasi kilichosukumwa kushoto mwa seli ni maneno, kilichosimama kulia ni namba. Wafute /= moja moja, na kwa kila inayofutwa jumla inapanda. Nimewahi kuona mtu akipiga kelele maabara nzima ikamgeukia, kwa furaha ya kuona ile 0 ikigeuka. Kisha wabadilishe nauli peke yake, waone jumla inavyojirekebisha bila wao kuigusa. Kanuni nyingine zote za jedwali zitaingia kwa mlango huo.

Somo zima: sauti ya dakika nne, picha tano za skrini, zoezi moja, swali moja la kujibu. Halizidi MB 3.

Hatua ya 7: Usalama ufanywe papo hapo

Wiki ya saba sina mhadhara. Kila mtu anafungua akaunti yake ya barua pepe na tunafanya pamoja: kubadili nywila, kuwasha uthibitisho wa hatua mbili, kuangalia namba ya simu ya kurejesha akaunti kama ni yake au ni ya kaka wa steshenari, kisha kufungua orodha ya vifaa vilivyoingia kwenye akaunti na kutoka katika vyote asivyovitambua. Kukiwa na uthibitisho wa hatua mbili, laini ikipotea akaunti inaweza kupotea nayo, kwa hiyo wachapishe zile namba za akiba ("backup codes") za kuingilia bila simu na kuzihifadhi pamoja na vyeti.

Kila mmoja Tanzania amepokea ule ujumbe wa kitapeli wa "ile pesa tuma kwenye namba hii". Anza nao. Waulize wanautambua kwa dalili zipi, waziandike, kisha uwaonyeshe barua pepe ya udanganyifu yenye ufadhili wa masomo Ulaya wazitafute dalili hizo hizo. Wataziona wenyewe.

Nawe mkufunzi unahusika. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na kozi yako inakusanya majina, namba za simu na alama. Usibandike matokeo yenye majina kwenye kundi la WhatsApp. Usiombe picha ya skrini inayoonyesha barua za mtu. Kwenye mazoezi ya kuskani, watumie karatasi yoyote badala ya cheti cha kuzaliwa.

Hatua ya 8: Tathmini isiyoweza kulipiwa

Maswali ya kuchagua a, b, c yatumie kwa mazoezi tu. Ukiwapa kazi ya kufanyia nyumbani pekee, steshenari itaifanya, na itaifanya vizuri. Ninachofanya ni kuwapa kazi yenye mambo yao wenyewe, bajeti yake, sivii yake, ratiba yake, halafu namwita kila mmoja kwa dakika tatu. Kwa aliye mbali ni simu ya video. "Nifungulie faili lako. Badilisha nauli iwe 2,000. Nitumie sasa hivi kama PDF." Aliyeifanya mwenyewe hamalizi hata hizo dakika tatu. Wanafunzi 60 ni saa tatu za kazi, sawa na muda wa kusahihisha karatasi zao.

Mrejesho uutoe ndani ya siku tatu, kwa sauti fupi ukiweza. Na mwanafunzi ambaye hajaingia kwenye kozi kufikia siku ya nne, mpigie. Ujumbe hautoshi. Mara nyingi tatizo ni nywila, anaona aibu kusema.

Hatua ya 9: Wajaribishe watano

Kabla ya kufungua kozi kwa wote, watafute wanafunzi watano waliokwama mapema kwenye zile kazi sita. Wape wiki ya kwanza na ya pili kwenye simu zao wenyewe, keti nyuma yao, funga mdomo. Kila wanapoganda, kosa ni la maelezo yako. Andika, rekebisha, ndipo ufungue.

Siku ya mwisho ya kozi nawarudishia ile orodha ya steshenari, imechapishwa, kila mtu na nakala yake. Anaweka alama kwenye kila kazi anayoweza sasa kuifanya peke yake. Kukusanya karatasi hizo kunanichukua dakika kumi, na kazi yoyote iliyokosa alama za zaidi ya nusu ya darasa inasogezwa wiki za mwanzo za kozi inayofuata.